Vitazamio Viwili vya Kamera Yangu

Jumatatu, 3 Juni 2024

Nimeamka na hasira. Sababu iko ng'ambo ya barabara, mkabala na studio yangu. Masudi kabandika bango jipya: Picha Dakika Tano. Herufi nyekundu, kubwa kama onyo la umeme. Katoro nzima sasa inataka picha ya dakika tano, kana kwamba nyuso zao zinaoza.

Lakini leo Mungu kanikumbuka. Kaja mzee Pantaleo, mwenyekiti wa kikundi cha wachimbaji wa dhahabu. Mama yake, Bibi Scolastika, ametoka Mhunze kumtembelea na Jumatatu ijayo anarudi. Ana miaka tisini na kitu, na hana hata picha moja. Zile Pantaleo alizompiga kwa simu zilizama pamoja na simu kwenye duara, shimo la mgodi, lililojaa maji. Anataka picha ya filamu, nyeusi na nyeupe, ya kutundika ukutani kama ile ya marehemu baba yake. Jumamosi asubuhi, nyumbani kwake.

Masudi hana kamera ya filamu. Ninayo mimi. Niliinunua kwa padri aliyekuwa anarudi kwao, ikaja na vitazamio viwili vya kubadilisha. Cha kwanza kiko wazi juu: unaishika kamera tumboni, unainama, unaiona picha kwenye kioo. Cha pili ni cha kuweka jichoni, kizito kama tofali. Huu mwaka wa pili nashindwa kuamua kipi ni bora. Rhoda, mke wangu, kasema nichague chochote nije kula. Huo si ushauri. Hiyo ni dharau.

Jumanne, 4 Juni

Nimejaribu cha juu. Kina ugonjwa mmoja: kinageuza. Mtu akienda kulia, kwenye kioo anaenda kushoto. Nilikuwa namfanyia mazoezi Martina, muuza nyanya. Akasogea. Nikamfuata kule kioo kilikoniambia. Nimekanyaga sado nzima ya nyanya.

Masudi alikuwa mlangoni kwake, kakunja mikono. Akaniuliza mbele ya watu tangu lini nainamia nyanya. Wakacheka wote. Martina alicheka kuliko wote, na nyanya zilikuwa zake.

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi mbali na watu, nyuma ya karasha la kusagia mawe. Kamera tumboni, macho chini, hatua moja moja. Kugeuka, nina wanaume kumi na mmoja nyuma yangu, na machepeo. Mmoja akaniuliza kwa adabu mashine yangu inapima dhahabu hadi futi ngapi. Nikamwambia ni kamera. Wakatazamana, kama watu waliokwishausikia uongo huo kwingine. Katoro hii, mtu akiinamia kisanduku na kutembea polepole, anatafuta kitu kimoja tu. Pale niliposimama kujifuta jasho, walishaanza kuchimba.

Nilikasirika sana. Halafu nikapata wazo.

Saa nane mchana nikaenda kusimama mbele ya mlango wa Masudi. Nikainama. Robo saa. Nikapiga hatua moja, nikatikisa kichwa, nikarudi palepale, nikakubali kwa kichwa. Sikutamka neno. Nikaenda zangu nyumbani kunywa chai. Saa kumi mlangoni kwa Masudi kulikuwa na shimo la kufika kiunoni na mteja hapiti. Nikaongeza kikombe cha pili.

Kabla jua halijazama, sululu ikapasua bomba la maji. Ni bomba la upande wangu. Masudi ana tanki.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeitwa na Salome, mtendaji. Nikajitetea kwamba sikumwambia mtu yeyote kuna dhahabu. Akakubali. Alisema ni kweli sikusema, niliinama. Akaamuru nilifukie shimo mwenyewe, leo leo.

Masudi akatoa kiti akakaa kunitazama. Hilo ningelivumilia. Lakini baada ya nusu saa akainuka, akachukua chepeo, akaanza kunisaidia. Mbele ya watu! Akasema hadi bomba litengenezwe, nichote maji kwenye tanki lake. Nikamjibu kwamba heri nisafishe filamu zangu kwa mate.

Nimeamua: kesho ni kitazamio cha jichoni. Mwanaume mwenye heshima zake anasimama wima.

Jumamosi, 8 Juni

Bibi Scolastika alikuwa ameketi barazani, kitenge kipya, mikono magotini. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Nikainua kamera jichoni. Akafunika uso kwa kiganja. Nikasubiri, nikainua tena. Akageukia ukutani. Pantaleo akambembeleza kwa Kisukuma. Yeye akajibu kwa Kiswahili, ili nami nisikie.

"Huyu ananichungulia kama mwizi dirishani. Anayenitazama, nami nimwone uso."

Akashika fimbo yake, akaanza kuingia ndani. Pantaleo akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake akivuka kizingiti, anampigia simu Masudi. Nikabadilisha kitazamio upesi. Kikaniuma kidole. Nikaishusha kamera tumboni, nikainama.

Bibi akasimama. Akageuka kunitazama.

"Haya. Sasa umesalimia, ng'wanawane, mwanangu."

Akarudi kuketi. Nami nikiwa nimeinama, akanisimulia habari ya picha ya mumewe. Siku ile mpiga picha alikuwa amebakiwa na picha moja tu, akamwomba yeye asogee pembeni, apigwe baba mwenye nyumba peke yake. Yeye akaenda kusimama nyuma ya mgongo wa mpiga picha, akawa anamchekesha mumewe. Ndiyo maana marehemu ana tabasamu lile. Watu wote wanaoitazama picha wanadhani anawatabasamia wao.

"Alikuwa ananitazama mimi," akasema, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

Kwenye kioo alikuwa amegeuzwa, kushoto kulia, na sikuona kama kuna ubaya. Nilipiga. Pantaleo akataka kusimama naye, nikawa namwambia asogee kushoto, kushoto tena. Filamu mbili, picha ishirini na nne. Kwa muda fulani sikumkasirikia mtu yeyote. Naliandika hilo kwa sababu si kawaida yangu.

Jumapili, 9 Juni

Bomba bado kavu. Nikachota maji kwenye dimbwi la karasha, nikayachuja kwa kanga ya Rhoda. Filamu ya kwanza imetoka imechubuka yote kwa mchanga. Picha kumi na mbili, na kwenye kila moja bibi wa watu kama ananyeshewa kokoto.

Rhoda alisimama mlangoni mwa chumba cha giza. Nikadhani atalilia kanga yake.

"Baba Adam, yule bibi anaondoka kesho," akasema. Basi.

Akachukua ndoo mbili akavuka barabara. Nilipiga kelele arudi. Hakugeuka. Ndoo zilipofika sikuuliza maji yametoka wapi. Nikasafisha filamu ya pili. Ikatoka safi. Kuna picha moja: bibi anacheka, meno matatu, macho yamenyooka kwako. Pembeni yake kuna kiwiko cha Pantaleo.

Nimemweleza Rhoda kwamba siri ya picha nzuri ni dawa, maji hayana umuhimu. Kaenda kulala.

Jumanne, 11 Juni

Jana bibi karudi Mhunze. Kabla ya kuondoka aliishika picha yake karibu na dirisha kwa muda mrefu, kisha akamwagiza Pantaleo asiitundike pembeni ya ile ya mumewe. Aitundike ukuta wa pili, zitazamane. Pantaleo hakuulizia mwili wake uliobaki.

Leo kaja mwalimu Dorah. Ameiona picha kwa Pantaleo. Baba yake yuko Ushirombo, ni mgonjwa, naye anataka kama ile ile, leo hii ikiwezekana. Nikamwambia kaja kwa fundi hasa, ila anivumilie wiki mbili, kwa sababu nimeshagundua chanzo cha matatizo yangu yote. Vitazamio viwili havitoshi. Kule Nyasubi, Kahama, kuna mtu anaitwa Sostenes ana cha tatu, kirefu kama bomba la moshi, kina lenzi ndani. Dorah akasema yeye anataka kile tu kilichompiga bibi. Nikamfafanulia tofauti zake kwa nusu saa, na michoro nikamchorea. Akanishukuru vizuri. Akavuka barabara.

Sasa hivi ninapoandika, anapanda pikipiki ya Masudi. Begi la kamera liko begani kwa Masudi. Wanashika njia ya Ushirombo.

Kaniibia mteja mchana kweupe, na mtendaji hasemi kitu. Kesho alfajiri naenda Nyasubi.