Vitunguu Kumi na Vinane na Moshi wa Jamali

Jumapili, 29 Juni

Virginie ametoa hukumu baada ya misa. Miaka miwili sasa matuta yangu mawili chini ya ukuta yanatoa majani tu. Ua likionekana ifikapo sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria, tarehe 15 Agosti, matuta yanabaki yangu. Lisipoonekana, mke wangu anapanda matembele. Anasema matembele hayajawahi kumwomba subira.

Nimekubali. Nilifundisha biolojia miaka thelathini na minne. Tarehe hainitishi.

Kwa kumbukumbu: ni mayungiyungi mekundu ya Afrika Kusini, yanayoota kutoka kwenye vitunguu vidogo. Osée, mtoto wa dada yangu, dereva wa lori, alivipitisha mpakani Kasumbalesa ndani ya soksi. Mtu wa forodha alinusa soksi, akairudisha haraka. Vilikuwa ishirini na vinne. Mwaka jana sita vililegea, nikavitupa ng'ambo ya ukuta, kwenye jalala la jirani. Vimebaki kumi na vinane. Vizima. Vinatafakari.

Jumatano, 2 Julai

Adui namjua tangu mwanzo. Ni Jamali, fundi cherehani, jirani wa ukuta mmoja. Kila asubuhi ya kiangazi anachoma majani makavu na vipande vya vitambaa. Moshi wote kwangu. Masizi yanaziba vitundu ambavyo jani linapumulia. Jani lisipopumua halitengenezi chakula. Kitunguu chenye njaa hakitoi ua. Ni rahisi kuelewa. Nimemfafanulia kwa dakika arobaini, mimi juu ya kigoda, yeye chini na pini mdomoni.

Alipotoa pini alisema babu yake alitoka Maniema akichoma, baba yake alichoma, na hata nyoka wa mtaa wetu wa Katuba wanajua hilo. Kisha akauliza: "Mwalimu, ile maua yako iko inalala ao ilishakufa?"

Nimejibu kwamba kulala ni neno la kisayansi. Tangu nilipovipanda, kila akiwasha, nafunika matuta kwa turubai. Nimechoka kufunika.

Jumamosi, 5 Julai

Nimeandika barua kwa Mama Adolphine, mkuu wa avenue, yaani barabara yetu ya mtaa. Kurasa tatu juu ya mapafu ya watoto na wazee. Maua sikuyataja. Watu kumi na mmoja wametia sahihi. Saba ni wanafunzi wangu wa zamani, ambao hadi leo husimama nikiingia.

Jumanne, 8 Julai

Ushindi. Mama Adolphine alikuja mwenyewe, nikampa kiti na maelezo ya saa nzima. Amepiga marufuku kuchoma takataka katika avenue yote, kuanzia kesho. Jamali alisema "sawa", akaenda kuchoma yote yaliyobaki. Moshi mpaka sebuleni. Turubai lilishika vizuri, halikupitisha kitu.

Jioni Habiba, mke wa Jamali, alituletea sambusa kama kawaida yake. Nimekula tano. Sambusa hazikuwa sehemu ya kesi.

Jumapili, 20 Julai

Siku kumi na mbili za hewa safi. Nimefuta majani kwa kitambaa laini, moja moja. Hakuna ua. Virginie ameweka ndoo ya vipandikizi vya matembele mlangoni mwa jikoni. Kuna nafasi nyingi jikoni. Ameiweka pale ninapopita.

Alhamisi, 24 Julai

Virginie alirudi kutoka kwa Habiba akitabasamu. Akaniambia nichukue kigoda.

Upande wa Jamali, katikati ya majivu, mashina sita. Kila shina lina maua mekundu manne au matano, yameinama kama kengele. Jamali alikuwa anayapima kwa utepe wake wa nguo. Alisema hakupanda kitu. Alidhani ni nyanya.

Sita. Nimehesabu mara tatu.

Nimempigia simu Osée. Yuko kwenye foleni ya malori mpakani, ana wakati. "Lakini Mjomba, si nilikuambiaka? Ile inangojeaka moshi. Kule kwao majani ikiunguaka, kisha juma mbili maua inatoka."

Ni kweli kwamba siku aliyoleta soksi alifungua mdomo. Nilikuwa namfafanulia jambo.

Jumamosi, 26 Julai

Hesabu. Jamali alichoma tarehe 8, maua yalionekana tarehe 24: siku kumi na sita. Nikirudi nyuma kutoka 15 Agosti, moshi lazima upatikane tarehe 30, siku ya mwisho kabisa.

Nimekwenda kwa Mama Adolphine kuomba ruhusa ya kuchoma kidogo. Alifungua kabati, akatoa barua yangu, akanisomea ukurasa wa pili. Akasema tangu marufuku ianze yeye mwenyewe hakohoi tena. "Papa Stanislas, weye mwenyewe ulinifundisha. Mi nilishaelewa."

Miaka thelathini na minne darasani nilitafuta mwanafunzi wa namna hii.

Jumatatu, 28 Julai

Marufuku ni ya kuchoma takataka. Kukausha samaki hakukutajwa. Nimenunua samaki wa Kasenga, nikawasha mbabula, jiko la makaa, katikati ya matuta, nikatia majani mabichi juu ya makaa, nikafunika vyote kwa turubai ili moshi usipotee bure. Mpango safi.

Turubai ni la plastiki.

Virginie alizima kila kitu kwa beseni la maji ya kufulia, samaki pamoja. Moshi haukutimiza dakika mbili. Mama Adolphine alifika akifuata harufu, na jioni akarudi, Jamali nyuma yake na barua mkononi. Ni ile yangu. Ameinakili neno kwa neno, kurasa tatu. Jina la mkosaji tu ndilo limebadilika. Sahihi kumi na moja. Watu walewale.

Jumanne, 29 Julai

Nimekwenda kwa Jamali kumwomba achome. Hakukataa. Alitoa sharti moja: nimsikilize dakika arobaini bila kusema kitu, kama yeye alivyonisikiliza. Mada: kukata suruali ya mtu mwenye tumbo. Nikimkatiza, anaanza upya.

Tulianza saa tatu asubuhi. Tumemaliza saa sita kasoro. Makosa yake yalikuwa mengi, hasa kuhusu tumbo. Habiba alileta chai mara mbili na hakuficha kicheko.

Kisha alifunga duka, tukaenda pamoja kwa Mama Adolphine. Alimwambia: "Mama, huyu muzee atatumaliza na mabarua. Muache tuchome mara moja, iishe." Amekubali. Mara moja, kesho, mbele ya macho yake.

Jumatano, 30 Julai

Jamali amechoma upande wake, upepo ukaleta kwangu. Dakika ishirini. Nimesimama katikati ya matuta kuhakikisha. Nimekohoa. Mama Adolphine pia, akinitazama.

Ijumaa, 15 Agosti

Saa kumi na mbili asubuhi. Shina moja. Vitunguu kumi na saba havina habari. Maua mawili yamefunguka, la tatu bado limefumba.

Nimemwita Virginie. Ametazama, akasema tulipatana ua, na hili ni ua. Kisha akalikata kwa kisu cha jikoni, akalipeleka kanisani. Liliwekwa miguuni pa Mama Maria, kati ya maua ya plastiki. Padri alilipita mara mbili akidhani nalo ni plastiki. Nimemfafanulia mlangoni baada ya misa. Watu walingoja nyuma yangu.

Nyumbani Virginie ametoa hukumu ya mwisho: shina moja, tuta moja. La pili limeshapandwa matembele. Mama Clotilde wa shirika lao la kanisani alimsaidia, ndani ya kitenge cha sikukuu.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeandika ripoti: majaribio ya kiangazi hiki yamethibitisha nadharia yangu ya moshi. Nimempa Jamali nakala. Aliuliza, nadharia ya nani? Watu wasiosoma mbinu za sayansi hawawezi kuona tofauti.

Osée amepita kutusalimu, na soksi mpya. Vitunguu kumi na viwili, vikubwa, vya aina nyingine, vya kule kule. Nimevipanda hapo hapo kwenye tuta lililobaki na kuvimwagia ndoo nne. Osée aliinua mkono kama mwanafunzi, akaanza kusema jambo kuhusu maji. Nikamwambia akae kwanza. Nilikuwa sijamaliza kumfafanulia.