Mheshimiwa Aje Kila Siku Kutufungulia Mfereji

Nyumba za Michenzani,
Ghorofa ya nne,
Unguja.
27 Februari 1992

Kwa Ndugu Mpanga Ratiba wa Mheshimiwa,

Assalaam aleikum. Natumai waraka huu utakukuta u mzima, na nyumbani kwako mna maji.

Mimi naitwa Bi Muzna Zahran, mwalimu mstaafu. Nimesomesha hesabu skuli za Unguja kwa miaka ishirini na tisa, na katika muda wote huo nimeandika barua moja tu ya malalamiko, ilihusu chaki. Hii ni ya pili. Naomba uisome kwa utulivu, na ikiwezekana uisome umekaa.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Sikuja kumlaumu Mheshimiwa kwa uvivu. Wiki nane hizi za shida ya maji, kila siku saa saba mchana nakaa mbele ya redio na daftari langu la mistari, nikiandika kazi alizozifanya. Hadi jana alikuwa amepokea wageni mara kumi na nne, ameweka mawe ya msingi sita, ametoa pole kwa wafiwa mara tano, na amesikitishwa na hali ya maji mara kumi na moja, mbili kati ya hizo amesikitishwa sana. Mtu wa namna hiyo si mvivu. Lalamiko langu ni kwamba kazi zote hizo anazifanya kwa watu wengine. Nitaeleza kwa nambari, maana ndivyo nilivyozoea.

1. Jumatatu ya tarehe 13 Januari Mheshimiwa alikuja hapa Michenzani kutuzindulia mfereji mpya wa uwani. Alikata utepe, akafungua koki, maji yakatoka. Yalitoka kwa nguvu mpaka yakamrukia viatu, naye akacheka, akanywa gilasi nzima mbele yetu. Sisi tukapiga makofi. Hapo ndipo tulipokosea, Ndugu yangu, kwa sababu mikono inayopiga makofi haishiki ndoo. Maji yalitoka dakika thelathini na nane. Gari ya mwisho ya msafara haijapinda kona, mfereji ukakohoa, ukanyamaza.

Nilishuka ngazi nikamkuta fundi anafunga mkoba wake wa vifaa.

"Fundi, maji mbona yamekatika?"

"Hayakukatika, Bi Mkubwa," akanijibu kwa adabu kabisa. "Yamekwisha. Yale yalikuwa maji ya uzinduzi."

Nikapanda juu kufikiri. Tulikuwa na mfereji siku sita kabla ya hapo bila ya Mheshimiwa, maji hayakutoka. Alipofika Mheshimiwa, yakatoka. Alipoondoka, yakaondoka. Mwanafunzi wa darasa la tatu angenipa jibu.

2. Alkhamisi ya wiki ile ile redio ikasema Mheshimiwa atakagua kituo kimoja cha afya upande wa Mpendae. Nikachukua dumu langu na kadi yangu ya presha, nikenda kwa miguu. Chini ya ngazi nikakutana na jirani yangu Borafya, mshona viatu wa ghorofa ya kwanza, mtu mwenye maneno.

"Mwalimu, umri huo unamfuata kiongozi na dumu?"

"Nnafuata maji, Borafya," nikamwambia. "Yeye nakutana naye njiani tu."

Huko nilikuta taa zinawaka, feni zinazunguka, wauguzi wanne wamevaa nguo nyeupe zenye mikunjo ya pasi, na vidonge vyangu vya presha ambavyo niliambiwa tangu Novemba kuwa meli haijaleta. Maji nilijaza. Borafya aliponiona narudi na dumu kichwani alilifuata kwa macho mpaka ngazini. Siku ya pili asubuhi alinibishia mlango, ameshika ndoo mbili, akaniuliza, "Leo anakwenda wapi?"

3. Kufikia mwanzo wa Februari tulikuwa watu sitini na wawili katika jengo letu tunaomfuata Mheshimiwa. Mimi nikawa naandika kwa chaki ukutani, pale ngazi zinapoanzia, anakokwenda na kitakachopatikana. Jiwe la msingi: vumbi, msende. Kukagua: dawa na taa. Kuzindua: maji. Kupokea wageni uwanja wa ndege: barabara humwagiwa maji ili vumbi lisiwarukie, kwa hiyo nendeni na vyombo vya mdomo mpana.

Siku ya wageni tuliizunguka ile gari ya maji inayonyunyiza barabarani, ndoo mbele. Dereva akatoa kichwa nje.

"Jamani, haya ni ya vumbi!"

"Na sisi tushakuwa vumbi, mwanangu," Borafya akamwambia. "Endesha polepole."

Akaendesha polepole. Mwenyezi Mungu amlipe kheri.

Nakuomba radhi kama magazeti yalisema kwamba umma wa Michenzani una mapenzi makubwa kwa kiongozi wao kiasi cha kumfuata kila aendako. Si uongo. Lakini wapigapicha wangeinamisha kamera kidogo wangeona na madumu.

4. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Nina binti mmoja, Wafaa. Mumewe anafanya kazi Pemba, kwa hiyo mimba yake ya kwanza ilikuwa juu yangu. Siku zake zilihisabiwa kumalizika baina ya tarehe 16 na 22. Hospitali tulizoziulizia zilituambia tuje na maji yetu, mishumaa yetu na mkunga tukimpata. Tarehe 15 redio ikatangaza kwamba Jumanne tarehe 18 Mheshimiwa atafungua wodi mpya ya wazazi upande wa Tunguu. Nilimtazama Wafaa, Wafaa akanitazama mimi.

"Mama, usinambie."

"Jumanne, saa nne asubuhi. Jikaze mpaka Jumanne."

"Mama, mtoto hasomi ratiba!"

"Atasoma. Ni mjukuu wa mwalimu."

Jumanne alfajiri uchungu ukamshika. Sijidai, naandika kilichotokea. Tulipanda gari ya shamba, tukafika Tunguu saa mbili. Wodi ilikuwa kama peponi. Taa, mashuka mapya, maji moto na maji baridi, daktari wa kiume na wakunga watatu, mkubwa wao Bi Amne. Nje kulikuwa na jenereta juu ya lori, na gari ya maji imeunganishwa na nyumba kwa mpira. Walimpokea Wafaa kwa furaha, kwani wodi haikuwa na mgonjwa hata mmoja wa kuonyeshwa.

Mheshimiwa alichelewa saa mbili unusu kwa sababu alipitia msibani. Nyinyi wa ratiba mnaona hayo ni makosa. Mimi namshukuru maiti yule mpaka leo. Mheshimiwa alipoanza kuhutubia, mtoto alitoka, wa kike, akalia kwa sauti ambayo ilipita kipaza sauti. Afisa wa itifaki akaja dirishani ameweka kidole mdomoni.

"Mnyamazisheni, Mheshimiwa anahutubia."

"Ndiyo kwanza kafika duniani, bwana," Bi Amne akamjibu bila kugeuka. "Itifaki atafundishwa."

Hotuba ikaisha. Makofi. Na hapo, Ndugu Mpanga Ratiba, nilisikia jenereta linazimwa. Taa zikazimika, na feni, na wodi ile haina dirisha ila moja dogo. Nikamsikia Bi Amne anasema taratibu, kwa sauti ya mtu asiyetaka kutisha watu, "Kondo la nyuma halijatoka. Damu nyingi. Nataka taa, na nataka maji." Akafungua mfereji. Mfereji ukatoa upepo. Wafaa akaniita mara moja tu, "Mama," kisha hakuniita tena.

Nilitoka mbio. Nina miaka sitini na mmoja. Gari ya maji ilikuwa inakunja mpira wake na lori la jenereta linarudi nyuma. Nikasimama katikati ya njia, nikavua kanga ya juu, nikaitandaza mikono miwili.

"Bi Mkubwa, tupishe, tunatakiwa Makunduchi!" dereva akapiga kelele. "Kuna uzinduzi wa pili saa tisa!"

"Haiondoki gari hata moja hapa. Mwanangu anakufa."

Msafara mzima ukakwama nyuma yangu. Gari nyeusi ikashusha kioo, na Mheshimiwa mwenyewe akatoa uso. Kwa karibu ni mtu mzima aliyechoka, ana miwani yenye alama za vidole. Akauliza kuna nini. Nikamweleza kwa maneno kumi. Akamgeukia afisa wake: "Waacheni maji na taa." Afisa akamwinamia sikioni, lakini mimi masikio yangu ni ya darasani, nilisikia: "Mheshimiwa, vikibaki hapa kule utakuta pakavu. Vinakwenda na wewe."

Mheshimiwa alivua miwani, akaifuta. Nafikiri ndiyo mara yake ya kwanza kuambiwa. Kisha akafungua mlango, akashuka, akasema, "Basi na mimi sindoki. Sherehe haijesha."

Akarudi jukwaani, akatoa karatasi ya hotuba mfukoni, akaanza hotuba upya, kutoka "Ndugu wananchi". Jenereta likawashwa, maana kipaza sauti kinahitaji umeme. Mpira ukafungwa tena. Watu wakapiga makofi pale pale walipopiga mwanzo. Alipoimaliza, akamtazama Bi Amne dirishani. Bi Amne akatikisa kichwa: bado. Akaanza mara ya tatu. Sauti ilikuwa inamkauka, na safari hii aliruka yale ya maendeleo akaanza kueleza habari za utoto wake, jinsi mama yake alivyomzaa gizani. Hayo hayakuwemo kwenye karatasi. Hakuna aliyepiga makofi, watu walikuwa wanasikiliza. Dakika hamsini na tano jumla. Kisha Bi Amne akatoa mkono nje ya dirisha, akaupunga.

Wafaa yu hai. Amelala chumba cha pili ninapoandika, na mtoto ubavuni.

5. Kwa hiyo, kutokana na hesabu zote hizo, na kwa kuwa Ramadhani imebakisha wiki moja tu, naomba kwa heshima ratiba ya kila siku ya Mheshimiwa iongezwe haya:

Saa kumi na mbili asubuhi azindue mfereji wetu wa Michenzani. Utepe tunao. Tutaufunga fundo kila jioni, utatosha mpaka Idi.

Akiwa na udhuru, tuletewe gari yake tupu yenye bendera. Maji hayachungulii dirishani kuona nani yumo.

Na ikiwa gari nayo haina nafasi, basi atuhamie. Fleti yangu ni vyumba viwili na ukumbi, ina upepo. Mimi, Wafaa na mtoto tutalala kwa jamaa. Hotuba si lazima, apumzishe koo. Akae tu barazani, aonekane.

Nisalimie wote ofisini kwako, wapiga chapa, madereva, na hasa yule wa gari ya kunyunyiza. Borafya anakusalimu. Jengo zima linakusalimu, kila mtu na ndoo yake.

Wako mwenye kutaraji jibu la haraka,
Bi Muzna Zahran

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha niifunge, nikasikia mshindo uwani. Nimeshuka. Mfereji unatoka maji wenyewe, na Mpendae nako wanasema yanatoka tangu asubuhi. Gari ya maji imeegeshwa kivulini chini ya jengo letu na dereva wake kalala. Nikamwamsha kumuuliza nani anazindua leo. Akanambia, "Hakuna, Bi Mkubwa. Mheshimiwa kasafiri nje, wiki mbili. Sisi tumepewa mapumziko, na maji tuliyokuwa tukiyachota yamebaki kwenye mabomba."

Kwa hiyo tafadhali futa namba 5 yote. Badala yake naomba moja tu: aongezewe safari, afunge Ramadhani huko huko, na Idi aile huko. Mwambie tunampenda sana, na mimi nitamwombea dua kila sala, kwa udhu kamili.

Samahani kwa mwandiko. Ndoo inafurika.