Mbwa Mwenye Pembe

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Nimepata kazi! Kuongoza wagonjwa wa wadi ya afya ya akili hapa Mbale kuchora ukuta wa uani. Muuguzi Brendah aliniuliza kama naweza kuchora watu na wanyama. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yangu. Ukweli ni kwamba tangu nivuke mpaka kutoka Kenya kuja Uganda nimeandika herufi tu, mtaa mzima wa Namakwekwe: SALUNI, BUCHA, USIKOJOE HAPA. Lakini mtu anayeiweza S atashindwa na ng'ombe? S ina mapindo zaidi.

Ijumaa anakuja Madam Dorothy kutoka hospitali ya Jinja. Anatafuta mchoraji wa kuongoza kazi kama hii kule. Mchoraji huyo ni mimi, Barasa. Yeye bado hajajua.

Jumanne, 2 Septemba
Kanuni za hapa zinachosha. Kila asubuhi kikao. Cha kuchorwa kinaamuliwa na wote. Tunafanya kazi wawili wawili: mmoja brashi, mwenzake kopo la rangi. Na hakuna kuandika jina ukutani. Hakuna jina! Mimi ninayekula kwa jina!

Oliver, mama mmoja mwalimu wa nasari kutoka Nakaloke, mgonjwa hapa, amechora mlima wa Wanale na maporomoko yake. Vizuri kupita kiasi. Mama huyo ana kiburi: hajisifu hata kidogo.

Mshika kopo wangu ni Lawrence, mwanajeshi mstaafu. Hajatamka neno tangu alazwe. Mke wake, Roselyn, huja kila siku, humsemesha, hurudi nyumbani bila jibu. Kwangu ni bahati. Asiyesema hakosoi.

Jumatano, 3 Septemba
Kikao kimetaka ng'ombe chini ya mlima. Nikajitolea kabla Oliver hajainua mkono. Asubuhi nzima nilipambana naye. Miguu ilikataa. Shingo nayo ikakataa. Nikarudi nyuma kumtazama, na hapo nikasikia sauti kavu kisogoni: "Bwana, hii mbwa iko na pembe."

Lawrence! Akacheka mpaka rangi ikamwagikia viatu vyangu. Uani wote wakacheka. Brendah akatokwa na machozi, eti ya furaha, akakimbia kumpigia Roselyn simu. Viatu vyangu hakuna aliyeviulizia.

Nimedhalilishwa. Na keshokutwa Madam anakuja.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimepata dawa ya aibu. Wenzangu walipokwenda kula, nilimfunika mbwa, yaani ng'ombe, kwa rangi ya kijani. Juu yake nikaandika namba yangu ya simu, kubwa, yenye kivuli. Kanuni inakataza jina. Namba si jina!

Kisha Lawrence akaja, amemshika Roselyn mkono. Alikuwa anamleta aone mbwa. Akautazama ukuta. Akauachia mkono wa mkewe, akaenda kukaa pembeni, na hakusema tena. Roselyn aliniuliza mbwa yuko wapi. Alikuwa amekuja kumsikia mumewe akicheka. Nikainama kuosha brashi iliyokuwa safi tayari.

Kikao cha dharura. Mikono yote juu: namba ifutwe, mnyama arudi, nimchore mimi mwenyewe. Nilimsihi Oliver anisaidie. Akasema mnyama wa namna ile hawezi kuchorwa na mtu anayejua kuchora. Sijaamua kama ni sifa.

Ijumaa, 5 Septemba
Madam Dorothy akafika mapema! Mimi na brashi, watu wote nyuma yangu. Kopo alilishika Oliver, maana Lawrence alikataa kusogea. Nilijitahidi kumrudisha yule yule. Wapi! Masikio yakaning'inia. Ndevu zikaota zenyewe. Nikatoka jasho. Nikaiona Jinja inaondoka.

Lawrence akainuka. Akaja polepole, akalichukua kopo kwa Oliver, akamkagua mnyama kuanzia kwato hadi ndevu. Akamgeukia mkewe: "Mama Phiona, ile mbwa imezaa mbuzi."

Wakacheka wote wawili, Roselyn akilia na kumshikilia begani. Hata mimi nilifuta macho. Ni harufu ya rangi, nadhani.

Na Madam amenichukua! Alisema anatafuta mtu ambaye mbele yake hakuna mgonjwa atakayeogopa kushika brashi.

Jumapili, 7 Septemba
Nimeyatafakari maneno ya Madam. Maana yake ni wazi: kipaji changu ni kikubwa, ila hakitishi. Oliver, anayerudi nyumbani kesho, amenizawadia penseli, eti nifanye mazoezi. Wivu tu. Lawrence naye ameahidi kuja Jinja na mkewe siku ya kuzindua ukuta wa kule. Aje! Safari hii ataona kazi ya fundi. Jinja wana mto, kwa hiyo nitawachorea kiboko, mzima, kinywa wazi, na namba yangu nitaipanga kwenye meno. Hapo hakuna atakayecheka.