Uvimbe Wangu na Ditekta ya Masudi

Jumatatu, 5 Mei 2025

Serafina, mke wangu, kaniona uvimbe mgongoni, chini ya bega. Mkubwa kama yai la kanga. Hauumi. Kasema twende hospitali Kahama nikapigwe picha. Nikamwambia mwanamume anayeshuka duarani kuchimba dhahabu hatishwi na kinundu. Akanikumbusha marehemu baba, aliyeficha wa kwake chini ya koti mpaka tukamzika nao. Nikajifanya natafuta viatu. Vilikuwa miguuni.

Jumanne, 6 Mei

Wazo! Masudi, tunayepakana naye maduara, ana ditekta, ile mashine ya kutafutia dhahabu. Inaona mpaka chini ya ardhi, itashindwa ngozi yangu mimi Sostenes? Picha bila hospitali! Nikalala kifudifudi nyuma ya karasha, mashine ya kusagia mawe, juu ya viroba vitupu. Masudi akanipitishia. Ikalia! Ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Masudi akarudi nyuma, akaninong'oneza, "Sosi, umeota dhahabu."

Ndiyo maana hauumi.

Jumatano, 7 Mei

Habari imefika mjini Kharumwa kabla yangu. Mzee Ngusa, mwenye wajukuu walioolewa, kaniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba! Mungu anisamehe. Masudi anadai nusu ya mgongo kwa kuwa mashine ni yake. Nikamwambia mgongo una mwenyewe. Tumenuniana. Mchana akaja Mabula, mwenye karasha, kutafuta sururu yake. Aliiacha chini ya viroba. Vile vile nilivyolalia.

Masudi anasema sururu haiwezi kulia vile. Nami ninaelekea kumwamini.

Alhamisi, 8 Mei

Serafina kasikia. Hakugomba. Kavaa gauni la kanisani, kaita bodaboda. Nikajua nimekwisha.

Hospitalini nikapanga mbinu. Alipokwenda kuandikisha jina, nikahamia benchi lenye foleni ndefu kuliko zote, ili zamu yangu isifike leo. Watu wote pale wanawake. Sikujiuliza. Muuguzi akapita akiuliza mimba ya miezi mingapi, mingapi, mingapi, akafika kwangu, akalitazama tumbo langu. Benchi zima likacheka. Serafina akaja akanishika mkono kama mtoto aliyepotea mnadani.

Daktari Juliana, binti mdogo kabisa, akanipaka ute wa baridi mgongoni, akatembeza kidude cha utrasaundi. Nikauliza kama kuna kinachong'aa. Akasema hakuna. Nikamwomba atazame tena, upande wa kushoto. Serafina akaniambia, "Baba Eunice, nyamaza."

Nikageukia kioo cha mashine. Hapo hofu ikanipata sawasawa. Kwenye kioo kulikuwa na giza na mawimbi, na katikati kitu changu, kimekaa kama samaki. Nikamwona baba na koti lake. Sikumwachia Serafina mkono.

Daktari akasema uvimbe una mipaka mizuri, unaonekana kuwa mafuta tu. Lakini picha moja haisemi yote. Kaupima. Nirudi baada ya miezi mitatu apime tena, alinganishe. Ukiwa umekua, atachukua kinyama kidogo kwa sindano kikachunguzwe.

Nje Serafina akalia, akicheka. Mimi liliniingia vumbi. Macho yote mawili.

Jumapili, 3 Agosti

Kesho ndiyo siku ya kurudi. Serafina yuko Geita, dada yake kajifungua. Kaniapisha nitakwenda. Nikaapa kwamba Daktari Juliana atauona mgongo. Sikusema wa nani!

Mdogo wangu Amosi tumefanana mpaka mama alikuwa akitukosea majina. Nimemfundisha tarehe yangu ya kuzaliwa na namna ninavyokohoa. Ataingia, atalala kifudifudi, atapakwa ute. Aliuliza swali moja tu, kama mgongoni kwake hakuna uvimbe, si watashtuka?

Hapo ndipo penyewe! Daktari atatafuta, hataona kitu. Ataandika umekwisha. Nitakuwa nimepona kabisa, bila hata kutoka nyumbani.