Mtambo Uliomwita Mke Wangu Dhaifu

Chumba cha Seva,
Ghorofa ya chini, mlango wa pili baada ya stoo.

Ndugu Mkurugenzi,

KUHUSU: OMBI LA KUONDOLEWA MFUMO MPYA WA SEVA KABLA HAUJAVUNJA NYUMBA YA MTU

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kiyoyozi chako kinafanya kazi. Mimi ndiye msimamizi wa mitambo wa ofisi yetu hii ya maji, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kama umenisahau sikulaumu, kwani tangu ulipoleta mfumo huu mpya wiki tatu zilizopita hakuna aliyepata sababu ya kunikumbuka. Siku ya uzinduzi ulipiga makofi. Mimi nami nilipiga, maana wote walikuwa wanapiga. Lakini leo nimeona nisiendelee kufa na tai shingoni, nikae chini niyaandike malalamiko yangu kwa heshima na kwa mpangilio.

1. Mfumo huu hauzimwi. Ule wa zamani kila Jumatano saa nne asubuhi ilikuwa lazima uzimwe na kuwashwa ndipo masasisho yake yakae sawa. Nilipanda ghorofa zote tatu, mlango kwa mlango, nikitangaza kwamba watu wahifadhi kazi zao, kwa dakika arobaini hakuna mtandao. Watu wa mita walinyoosha migongo. Wahandisi walitoka vyumbani kwao wakasalimiana na dawati la malalamiko ya wateja, ambao siku nyingine hawaangaliani usoni. Ndiyo asili ya jina langu la Zima-Washa, na sikuwahi kulichukia. Huu mpya unajisasisha wenyewe huku watu wakiendelea kuchapa, kama mtu anayebadilisha shati huku anatembea. Jumatano iliyopita nilipanda nikatangaza vilevile, kwa mazoea. Mama wa mapokezi akaniuliza nazima nini. Nikasema nazima kiu, nikanywa maji yake yote nikarudi chini.

2. Mfumo huu hauna adabu kwa wake za watu. Kwa miaka kumi na mmoja neno langu la siri lilikuwa jina la utani ninalomwita mke wangu tukiwa wawili, pamoja na mwaka tuliooana. Mke wangu siku hizi unamfahamu kuliko mimi, kwa kuwa ndiye katibu muhtasi wako. Mfumo wa zamani ulilipokea jina hilo kila asubuhi bila kuuliza. Huu ulilikataa siku ya kwanza, tena kwa maandishi mekundu: "Dhaifu. Linajulikana na watu wengi. Limetumika mno. Chagua jipya."

Hapa nakiri kwamba nililiona jambo la kuchekesha. Jioni ile shemeji yangu, dada yake mke wangu, alikuwa amekuja kututembelea. Katikati ya chakula nikawasomea hukumu ya mtambo neno kwa neno, nikijua watavunjika mbavu. Hakuna ubavu uliovunjika. Shemeji aliweka kijiko chini akanitazama kama bili isiyo yake. Mke wangu, cha ajabu, hakujali kuitwa dhaifu. Aliuliza swali moja tu: mtambo umejuaje kwamba jina hilo linajulikana na watu wengi?

Ndugu Mkurugenzi, dereva nilimpa alipotaka kuchapa ratiba ya safari. Mtunza stoo nilimpa. Mafundi wa mita nadhani walipewa na mtunza stoo, na kwa wengine wote lilikuwa limebandikwa chini ya kibodi. Jina ambalo yeye alidhani linajulikana na watu wawili tu duniani, ghorofa nzima ya chini ilikuwa inalichapa kila asubuhi kabla ya chai. Sikuwahi kulitazama hivyo mpaka alipouliza. Niliona aibu, na aibu ile bado ninayo. Tangu siku hiyo anatangaza kwamba chakula kiko tayari huku ameelekea jokofu, na mimi na jokofu tunakaribia mezani.

3. Mfumo huu umeninyang'anya ufunguo wa chumba changu mwenyewe. Zamani nikiingia nimeingia. Sasa, eti kwa usalama, kila nikitaka kugusa kitu kikubwa ni lazima niombe ruhusa, ruhusa yenyewe ni ya saa moja, na kuna kisanduku kimeandikwa "Eleza sababu". Mara ya kwanza nilijaza "Kazi". Kikanirudishia kwamba sababu haiwezi kupungua herufi hamsini. Herufi hamsini! Hata barua ya posa sikuandika hamsini. Nikaona kama ni hivyo basi nijaze chochote, kwani nani atasoma? Nikajaza: "Nimechoka kula nikitazamana na jokofu, angalau humu ndani kuna taa zinazonikonyeza." Baada ya dakika ishirini ikaja: imekubaliwa.

Hapo nikazoea. Ila mtambo wenyewe hauna msimamo. Wakati mwingine unajibu papo hapo, wakati mwingine unangoja mpaka watu warudi kutoka kula. Siku moja nilijaza: "Chanzo cha yote ni shemeji, angecheka kidogo tu mambo yasingefika hapa." Ukanijibu: sababu haijakubalika, andika upya. Ndugu Mkurugenzi, mashine inajuaje habari za shemeji yangu? Nikaandika upya kwa hasira: "Haya, chanzo ni mimi, niliyemgawia dereva kitu ambacho hakikuwa changu peke yangu." Haikupita hata dakika moja, ruhusa ikaja. Sasa huo ni ulinzi wa mitambo au ni baraza la usuluhishi?

4. Mfumo huu haupotezi kitu, na hili ndilo lililonisukuma kushika kalamu. Ule wa zamani ulikuwa na utu. Ulipoteza maombi ya likizo kwa wingi, yangu ukayapoteza miaka miwili mfululizo, na ofisi ilikwenda. Sasa katibu muhtasi wako ameomba likizo ya wiki mbili kuanzia Ijumaa ili akakae kwa dada yake. Nimeliona ombi hilo limekaa kwenye foleni, safi, lina nakala tatu katika sehemu tatu tofauti, na mimi mwenye miaka kumi na tisa kazini sina uwezo wa kulifanya lipotee hata kwa bahati mbaya. Wiki mbili kwa dada yake ni nyingi. Shemeji ni mtu wa kukumbusha.

5. Kuna kitufe cha kuurudisha mtambo ulivyokuwa jana, au juzi, au dakika moja kabla ya kosa. Nimekijaribu na kinafanya kazi vizuri sana. Nalalamika kwamba kitufe hicho wameupa mtambo, mimi wakaninyima.

Asubuhi hii kwenye kisanduku cha sababu nimeandika hivi, na naiweka hapa ili ujue hali ilipofika: "Sina kazi yoyote humu leo. Anaondoka Ijumaa, na sijui nimwambie nini ili abaki." Sijangoja hata jibu, nimeanza barua hii.

Kwa hayo yote naomba mfumo wa zamani urudishwe. Upo stoo, umefunikwa pazia, na nilipoutembelea juzi ulionekana bado una nguvu. Ikishindikana, watengenezaji waandikiwe waliondoe neno "dhaifu", maana hawajui linasomwa mbele ya nani. Kisanduku cha sababu nacho kifutwe kabisa, kwa kuwa kumlazimisha mtu mzima aeleze moyo wake mara mbili kwa siku ili apate kusafisha diski si utaratibu wa kazi.

Nisalimie wahandisi wote, watu wa mita, dawati la malalamiko, na mama wa mapokezi, ambaye nitamrudishia maji yake. Dereva naye msalimie, lakini usimwambie kitu. Na huyo aliyekaa nje ya mlango wako, kama hatajali, msalimie pia.

Ni mimi mtumishi wako, ninayezima panapozimika,

Msimamizi wa Mitambo.

Tanbihi: Ndugu Mkurugenzi, barua ilikuwa imeshasainiwa. Nikaona nichape orodha ya maombi yangu ya ruhusa, yote thelathini na tano, iwe kielelezo. Kulia kabisa kuna safu ambayo sikuwahi kuivuta ionekane yote. Imeandikwa "Aliyeidhinisha". Siku zote nilidhani ni mtambo. Nimefungua kitabu cha maelekezo, ukurasa wa tatu, nao unasema mwidhinishaji ni Mkurugenzi au yeyote atakayemkabidhi kazi hiyo. Naona wewe uliikabidhi siku ileile ya uzinduzi. Maombi yote yamesomwa na Katibu Muhtasi, moja baada ya jingine, na lile la shemeji alilikataa yeye kwa mkono wake.

Pembeni ya ombi la leo ameacha maneno, nanakili yalivyo: "Imekubaliwa. Likizo nimeifuta. Tafuta jina jingine, na hilo usimpe mtu."

Kwa hiyo naomba mfumo huu usiguswe na mtu yeyote. Barua ikikufikia imeshafunguliwa usishangae, lazima ipite mezani kwake kwanza. Lalamiko langu limebaki moja tu: hizo herufi hamsini zipandishwe ziwe mia tatu, maana kwa niliyo nayo ya kusema hamsini ni chache mno.