Pangaboi la Sebuleni na Wageni wa Jumapili

Jumatatu, 1 Novemba 1993

Aibu ya jana sitaisahau. Wageni wangu wamenihama. Mpira redioni, dakika za mwisho, joto lile la kabla ya mvua, na pangaboi langu likaanza: kra, kra, kra. Goli likafungwa, hatukujua ni la nani. Mzee Matonya akasema twende kwa Msafiri, lake jipya la Dubai halina kelele. Wakatoka wote. Wakabeba na viti. Viti vyangu!

Msafiri huyu tulikaa naye ofisi moja. Alipopunguzwa kazi nilimwonea huruma. Siku hizi kila kitu ruksa, amefungua duka, na mimi bado nagonga mihuri.

Nikabaki na Evodia, mke wangu, tukilitazama linavyozunguka. Mwaka sabini na nane nililipakata kwenye treni kutoka Dar es Salaam kama mtoto mgonjwa. Kota nzima hakuna aliyekuwa nalo. Nilipoliwasha, majirani walipiga makofi. Baadaye sukari ikapotea, sabuni ikawa ya foleni, lakini kila Jumapili sebule yangu ilijaa mpaka mlangoni. Nazililia Jumapili zile. Lazima zirudi, na zitaanza na hii ijayo.

Jumanne, 2 Novemba

Evodia kashauri niite fundi wa Kizota. Nimekataa. Fundi atabadilisha vyuma vya ndani, halitakuwa lile tena. Dawa ni kulainisha. Nikachukua mafuta ya alizeti jikoni, nikapanda mezani, nikamimina bila uchoyo. Nikawasha.

Mafuta yamefika kila mahali. Kuta. Redio. Picha ya harusi. Sare ya kwaya ya Evodia, iliyokuwa imetoka kupigwa pasi. Kelele iko palepale, ila sasa sebule inanukia maandazi. Tangu hapo Evodia hajanisemesha.

Alhamisi, 4 Novemba

Mbinu nyingine. Nimemnong'oneza Mzee Matonya kwamba mapangaboi ya Dubai yanaleta baridi yabisi. Nikamwomba asimwambie mtu, maana nilitaka wajue wote.

Wamejua. Jioni Msafiri akabisha hodi kuja kunishukuru. Anasema hilo hakulijua, hivyo Jumapili ataliwasha kwa mwendo wa pole, kwa ajili ya wazee, na atanunua soda za wote. Nami nimealikwa. Shukrani yake ilikuwa ya kweli kabisa. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumamosi, 6 Novemba

Nimegundua ugonjwa, tena mwenyewe. Panga moja limepinda! Nimelifungua, nikalinyoosha kwa mchi, nikalirudisha. Parafujo moja imebaki. Nadhani kiwandani huweka za akiba.

Nikawasha. Kimya. Evodia akatoka jikoni kuangalia kama umeme umekatika. Akaniita Baba Ruthu, jina ambalo nilikuwa sijalisikia tangu Jumanne. Akasema nimeweza, ila niliache hapohapo kwenye mwendo namba mbili, nisiliguse tena.

Tukakaa chini yake wawili. Akanikumbusha kwamba siku ya kwanza alijifunika khanga mbili, akijifanya anasikia baridi, ili majirani waone. Tulicheka sana. Nilimwona Evodia wa mwaka ule. Kisha nikatoka kualika watu, nyumba hadi nyumba, nikamaliza kwa Msafiri.

Jumapili, 7 Novemba

Walikuja wote, pamoja na Msafiri na soda zake. Viti vyangu navyo vikarudi. Mzee Matonya akasema ni kama zamani. Tulimsikia mtangazaji mpaka anavyovuta pumzi. Kipindi cha kwanza chote sikudhani kuna mtu mwenye raha kunizidi hapa Dodoma.

Wakati wa mapumziko Msafiri akalisifu. Akasema sasa liko sawa na lake. Sawa na lake? Nikaenda ukutani, nikalipeleka namba tano.

Panga likachomoka. Likapita juu ya kofia ya Mzee Matonya, likatua kwenye redio. Hakuna aliyeumia. Redio ndiyo marehemu.

Msafiri akasema taratibu kwamba kipindi cha pili kinaanza, na kwake redio ipo. Kila mtu akanyanyua kiti. Nikabaki mlangoni. Evodia akanipa changu mkononi, akasema nilichokuwa nakitafuta wiki nzima ni watu, si pangaboi, na watu ndio hao wanaondoka.

Nikawafuata. Walinipisha nikakaa katikati. Tulibishana, tukacheka mpaka machozi, sauti zilezile za miaka ile, na moyo wangu ukajaa. Evodia alisema kweli tupu.

Ila pangaboi la Msafiri linagonga. Kidogo mno: tik, tik. Wenzangu wanasema hawasikii kitu. Kesho nikitoka kazini napitia kwake nikalifungue. Msafiri anasema hakuna haja kabisa. Anaona haya tu.