Sabuni na Doa la Leza

Kwenye benchi la kijiwe cha kahawa, Redio, msomaji wao wa magazeti, alikunjua gazeti, akajipiga kofi gotini mpaka vikombe vikaruka.

“Sikilizeni maajabu! Pale chuoni wana mashine ya leza. Wanalipiga donge la kaboni, ndugu yake na risasi ya penseli, kwa mimweko ya mwanga. Mmweko mmoja unakwisha kope zako hazijaanza hata kufikiria kufumba! Kaboni inaruka moshi, moshi unatua kwenye kioo, unakuwa utando. Kwa wembamba wake, unywele wako ni gogo.”

“Unywele gani?” Cheche mchomeleaji akauliza, akikipapasa kipara cha Redio.

Mama Birika, muuza kahawa, akacheka. “Yaani wasomi wazima wanajifungia ndani kutengeneza masizi? Sufuria zangu zinayatoa kila asubuhi, na hakuna aliyeniandika gazetini!”

“Si masizi, mama. Ugumu wake unakaribia almasi. Miezi minne wamekihangaikia kioo kimoja, kama kiberiti kwa ukubwa, na kesho wageni wanakuja kukiona.”

Kwenye ncha ya benchi, Sabuni akapaliwa.

Huyu Sabuni ndiye msafishaji wa maabara yenye mashine hiyohiyo, mwaka wa kumi na tisa sasa, na jina alilipata kwa kuapa kwamba doa la kumshinda halijazaliwa. Imebaki miezi minane astaafu.

“Kina doa la kahawia katikati?” akauliza.

Cheche akakitua kikombe chake.

“Sabuni,” Cheche akasema polepole, “usituambie.”

“Nilidhani mtu kamwaga chai!”

“Ukakisafisha?”

“Kikang’aa,” akajibu, mazoea yakimtangulia. Ukweli, yaani kioo chenyewe, ulikuwa kwenye mfuko wa shati lake, umeviringishwa kwenye leso. Doa lilikuwa palepale. Alikuwa akilipeleka nyumbani akamalizane nalo bila mashahidi.

“Miezi minne ya watu!” Redio akashika kichwa. “Kazi huna, bwana.”

“Sema ni panya,” Cheche akashauri.

“Panya anatumia sabuni ya unga?” Redio akauliza.

“Nileteeni kioo,” Mama Birika akasema. “Nikikishikilia juu ya jiko langu dakika tano, utando umerudi, na chenji juu!”

Kabla hawajamaliza kucheka, Daktari, yule mama mkuu wa maabara, akatokea anatembea kama anayefukuza kuku, miwani imepanda kwenye paji la uso.

“Mzee wangu, shikamoo. Kioo changu hakipo, na meza inanukia limau.”

Sabuni akasimama. Akiendelea kusema kiling’aa, kazi inakwenda. Akisema hakikung’aa, jina linakwenda, tena mbele ya Cheche! Akaitoa leso, akaifungua.

“Marahaba, mwanangu. Nilikisugua.”

“Kwa kutumia nini?”

“Kitambaa. Kisha sabuni. Kisha waya wa kusugulia masufuria.”

“Waya! Kwa muda gani?”

“Mpaka saa ya chai.”

“Na doa?”

Sabuni akainamia viatu vyake. “Halikutoka.”

“Haliku-nini?” Cheche akaruka. “Rudia, huku upepo mkali!”

“Halikutoka!”

Daktari akashusha miwani, akakiinua kioo juani, akakigeuza huku, akakigeuza kule. Sabuni alikuwa ameshaanza kuaga kimoyomoyo ndoo zake, moja moja.

“Hakuna hata mkwaruzo,” Daktari akasema, kisha akacheka peke yake. “Mzee, hilo doa ndio utando wenyewe! Tulikuwa tunagombana jinsi ya kuwaonyesha wageni kwamba utando umeshika. Kesho utasimama mbele yao na waya wako, usugue kama leo.”

Kijiwe kikalipuka. Mama Birika akapiga kigelegele. Redio akalia kwa cheko. “Kazi ipo! Sabuni ataitwa mbele za watu ashindwe rasmi!”

Sabuni hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye doa.

“Daktari,” akasema, “mchanga mwembamba sijaujaribu. Niachie kioo mpaka asubuhi tu.”

Daktari akakitia kioo kwenye mkoba, akafunga zipu, akaondoka mbio bila hata kuaga.